Kichwa cha Mchanga

4 Februari

Mpwa wangu,

Hujambo? Mumeo na watoto hawajambo? Sisi huku tunajikongoja. Baba yako magoti yamemshika tena, anatembea akishika kuta kama mtu anayezipima, ila mdomo ni mzima. Jana alinisema kwa ajili ya chai baridi mpaka nikaipasha mara mbili. Mama mpangaji wa chumba cha nyuma anakusalimia, na kuku wake wote wanakusalimia, maana siku hizi wanaingia mpaka sebuleni kama watu waliolipa kodi. Nisalimie yule jirani yako mchomeleaji, mwambie mlango wa geti alioutengeneza bado unafunga.

Usinipigie simu kunijibu. Simu ni ya waongo. Mtu akibanwa anasema mtandao mbovu, anakata. Niandikie.

Jumatatu nimeanza na kundi jipya la madereva wa pikipiki, watu kumi na wanane, na naapa nimechoka na binadamu. Mmoja, muuza matairi, amekuja na kandambili. Nikamuuliza breki ya nyuma atakanyaga na nini, akasema, "Na imani, Mwalimu." Darasa zima likaangua kicheko. Mwingine kaingia uwanjani helmeti imening'inia kwenye kiwiko. Nikamwambia siku atakayoangukia kiwiko atamshukuru Mungu. Halafu wanatema mate, mwanangu. Wanatema pale pale ninapopanga koni, nami ndiye ninayeinama kuziokota. Nina miaka sita katika kazi hii na bado sijazoea mate ya watu.

Sasa shida yangu. Helmeti za chuo zinanuka. Sikufichi, zinanuka jasho la mwaka juzi, mafuta ya nywele, na kitu kingine kama maziwa yaliyolala. Wanafunzi wanavaa mfuko wa nailoni kwanza ndipo wavae helmeti, na wawili wamegoma kabisa. Nimempa dereva wa lori la saruji helmeti sita akuletee. Zitoe bitana zote, uzitie mpya. Zina namba nyekundu kwa ndani, nimeziandika mwenyewe, usizichanganye na za watu wengine.

La pili, nishonee mfuko mwingine wa mchanga. Ule wa turubai la kijani ulionishonea nilipoanza kazi ulikuwa unamwaga kidogo kidogo tangu zamani, sasa umezidi. Nauhitaji kila Jumatatu. Nikiutia ndani ya helmeti nikafunga mkanda wa kidevuni, nikasema "Hiki ni kichwa," kisha nikauachia kutoka ngazi ya juu ya stoo, hata wale wabishi wananyamaza. Natandika kipande cha zulia chini ili rangi isichubuke, mali ya watu. Naiinua, nawaonyesha: haina hata mkwaruzo. Hapo ndipo wanaanza kuniheshimu.

Ni mimi,
Shangazi yako


27 Februari

Shikamoo Shangazi,

Sisi wazima. Mume wangu amepewa zamu za asubuhi sasa, kwa hiyo tunaonana. Mtoto mkubwa meno mawili ya mbele yameng'oka, anaongea kwa kupuliza. Mchomeleaji amefurahi kusikia habari za geti, anasema hilo ndilo geti lake pekee linalofunga. Baba mwambie asinywe chai akiwa amelala, itamkaba.

Helmeti zimefika. Dereva wa lori alizishusha kwa fimbo, moja moja, kama mtu anayetoa nyoka. Shangazi, mimi nashona viti vya pikipiki na kubadilisha bitana mwaka wa saba huu, nimekwisha kuona mambo, lakini hizi zako zimenishinda. Namba 12 ilikuwa na plasta ya kidonda iliyotumika, imeganda sikioni. Namba 3 ilikuwa na chingamu tatu za rangi tatu, yaani mtu alikuwa anatunza. Nyingine ilikuwa na ukucha wa bandia. Nilitoka nje nikasimama upande wa moshi wa mchomeleaji, nikaona afadhali moshi.

Bahati ninaye mtu wa kuosha. Huyo harufu haimpi shida. Anaingiza uso mzima ndani ya helmeti akitafuta uchafu kwa macho, huku mimi nimekaa mlangoni nimebana pua kwa kibanio cha nguo. Wateja wanamcheka, naye anacheka nao.

Sasa nikuulize jambo. Nilipobandua bitana ya namba 3, lile povu jeupe gumu la ndani, linalofanana na linalofungiwa televisheni mpya, lina ufa. Uko juu utosini, urefu wa kidole changu cha kati. Ganda la nje zima, rangi inang'aa. Je, helmeti hii imewahi kuanguka na mtu?

La mwisho. Umesalimia hata kuku wa mpangaji. Kuna mtu mmoja hukumsalimia, kama hukumsalimia Desemba, kama hukumsalimia Septemba. Simtaji. Unamjua.

Mpwa wako


15 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Baba yako nimemfikishia, anasema chai hunywa amekaa na wewe ndiye uliyekuwa unakunywa umelala. Mpangaji amechinja kuku wawili, waliobaki wamepata adabu.

Nimesoma barua yako nikapandwa na hasira mpaka nikaacha chakula. Helmeti ya chuo changu haijawahi kuanguka na mtu! Mwanafunzi akianguka naandika daftarini: siku, namba ya helmeti, ameanguka upande gani. Namba 3 haimo. Namba 12 haimo. Unajua ninavyowafundisha? Nawaambia povu ndilo linalokula pigo badala ya ubongo, na likishakula mara moja limeshiba, halili tena. Helmeti iliyoanguka na kichwa ndani, kata, tupa, hata kama inang'aa kama sahani. Sasa nije niambiwe yangu ina ufa?

Ni yule muuzaji wa helmeti. Nilijua. Ana sura ya mtu anayekupa mkono huku anatafuta pa kuupangusia. Ametuuzia helmeti zilizotoka kwenye ajali, akapaka rangi. Watu wa namna hiyo wananitia kinyaa kuliko chingamu zako zote. Anza kuzifungua zote sita, uniandikie zipi mbovu. Nitazibeba nikamwagie mezani kwake mbele ya wateja.

Kuhusu huyo usiyemtaja. Nami simtaji, lakini kwa kuwa umeshika kalamu na umenichokoza, sikiliza. Nilimlea mimi tangu mama yenu alipofariki, alikuwa na miaka saba, hakujua hata kufunga viatu. Nilimfundisha kufunga viatu, nikaja kumfundisha kufunga helmeti. Alitoka wa kwanza katika kundi lake. Nikampa zawadi helmeti namba 9 kwa mkono wangu. Halafu anakwenda kuanguka kwenye kokoto mbele ya kiwanda cha mbao, katika mwendo wa mtu anayetafuta nyumba, analala hospitali siku tisa bila fahamu! Mwendo ule, helmeti ikiwa imefungwa, mtu anainuka, anajipangusa, anatukana kokoto. Hakufunga mkanda. Nilimwambia pale pale kitandani alipozinduka, mbele ya mkewe na wakwe zake. Akanikazia macho, akasema, "Nilifunga, Shangazi." Uongo mbele ya mtu aliyemfundisha!

Sina chuki naye. Nataka neno moja tu, "Sikufunga." Siku akilisema nitamsalimia kabla ya kuku.

Shangazi yako

Mfuko wa mchanga umeushona?


6 Aprili

Shikamoo Shangazi,

Wazima wote. Baba mwambie nimemkumbuka.

Zote sita zina ufa. Zote utosini. Zote nje ni safi. Namba 14 ina nyufa tatu zinazokutana.

Tafadhali usiende kwa muuzaji kwanza. Nina swali moja nalo naomba unijibu vilevile nilivyouliza, bila hasira. Ile namba 9 uliyompa mdogo wangu Kitinda, ilikuwa mpya kwenye boksi, au ilitoka kwenye rafu ya chuo?

Mfuko sijaushona. Cherehani inasumbua.

Mpwa wako


22 Aprili

Mpwa wangu,

Cherehani yako inasumbua lakini ya nailoni za viti haisumbui. Haya.

Baba yako amepata fimbo, ananigongea nayo sakafu akitaka kitu. Nimemwambia nitaikata nipikie.

Nimekwenda kwa muuzaji. Umechelewa kunikataza. Nilibeba namba 7, mojawapo ya zilizobaki kwenye rafu, nikaibandua bitana kwa kisu cha jikoni mbele yake, na kweli, ufa huo hapo. Nikamwambia maneno ambayo sitayaandika, barua hii inapita kwa dereva wa lori naye ana wazazi. Unajua alichofanya? Aliichukua, akaigeuza kwenye mwanga, akapitisha kidole ndani, akaniambia kwa upole wa kunikera, "Mama, povu hili limegongwa kutoka ndani. Kuna kitu kizito mliweka humu mkakiangusha?" Nikamwambia hakuna. Nikamwambia mimi ni mkufunzi, sichezei helmeti. Akatingisha kichwa, akanikaribisha soda! Nilitoka nje mwili unaniwasha. Mtu ananiuzia kifo kisha ananikaribisha soda.

Swali lako. Ilitoka kwenye rafu. Ulidhani ningempa mwanangu helmeti ya boksini nisiyoijua? Kila Jumatatu huchukua namba tofauti kwa somo la kichwa, wasije wakasema nina moja maalumu ya kuwadanganyia. Namba 9 nilikuwa nimeitumia mara nyingi kuliko zote. Imeanguka kutoka ngazi ile na kichwa cha mchanga ndani labda mara thelathini, na ilikuwa inang'aa kama siku ilipokuja. Nilimpa iliyokwisha kujaribiwa. Ndivyo ninavyowapa wote wanaotoka wa kwanza. Kwa nini umeuliza?

Shangazi yako


28 Mei

Mpwa,

Zaidi ya mwezi umenyamaza. Dereva wa lori anasema alikuona, u mzima, unashona. Mwandikie mtu mzima aliyekulea.

Shangazi


19 Juni

Shikamoo Shangazi,

Nimeandika barua hii mara nne, nikawashia jiko mara nne. Hii ya tano naituma kabla sijaisoma.

Watoto wazima, mume wangu mzima, nami mzima. Kitinda naye yupo. Sitakuficha tena: ndiye anayenioshea helmeti. Tangu aanguke hasikii harufu ya kitu chochote. Daktari alisema ni kwa sababu ya kichwa, na haitarudi. Kazi ya kuoka na kupeleka mikate, iliyompatia pikipiki, ilimwacha kwa sababu alikuwa hatambui mkate unaoungua mpaka auone mweusi. Anakula wali kama anayetafuna karatasi. Mwanawe mchanga alipozaliwa alimnusa shingoni, kila mtu akamtazama, naye akasema, "Ananukia vizuri," kisha akaja kunilia mimi kibandani. Kwa hiyo akaniambia, dada, nipe zile zinazokutapisha, mimi kwangu zote sawa. Huyo ndiye mtu ninayekwambia wateja wanamcheka.

Helmeti zako sita aliziosha yeye. Aliona mwandiko wako mwekundu, akaendelea kuosha. Baadaye akaniita akanionyesha namba 3. Ndani ya ufa, chini kabisa, mlikuwa na mchanga laini na nyuzi za kijani. Namba 12 vivyo hivyo. Zote sita. Shangazi, uzi ule naujua. Niliununua mimi, nikaushonea turubai lile mimi, mshono mara mbili, kwa sababu uliniambia utalitumia sana.

Alinikataza nisikuandikie. Alisema, "Mwache, hiyo kazi ndiyo maisha yake." Nikatii, nikakuuliza lile swali moja tu. Ukanijibu kuhusu namba 9 na mara thelathini, ukauliza kwa nini nimeuliza, nami nikanyamaza Mei nzima.

Nilikwenda kwa mkewe nikamwomba namba 9. Ameitunza tangu siku ile kwenye mfuko wa nailoni, nyuma ya kabati, haijaoshwa. Nilipoufungua nilitapika, na mimi nimezoea. Damu iliyokauka, na bitana imeota ukungu wa kijivu. Niliibandua hivyo hivyo. Povu la utosini limepasuka vipande vitano, na katikati ya vipande, humo ndani, mchanga ule na nyuzi zile. Barabara ya mbele ya kiwanda cha mbao haina nyuzi zangu. Alipoanguka, povu lilikuwa limekwisha kuliwa. Wewe mwenyewe unasema likishakula limeshiba. Umekiita kichwa kila Jumatatu, miaka sita. Ukakiangusha, ukatandika zulia ili rangi isichubuke. Rangi uliilinda.

Bado kuna moja, nayo ndiyo iliyonifanya niandike hata kama Kitinda atanuna. Mkanda wa namba 9 umekatwa kwa mkasi, pande mbili, karibu na masikio. Waliukata hospitali kuivua. Kifungo chake, Shangazi, bado kimefungwa. Kiko hapa mezani kwangu. Nimekibonyeza kuona kama ni kizima: kinafunguka, kinafunga, kinalia tik. Alifunga.

Mkewe alikuletea mfuko huo siku ile pale wodini. Alitaka kukuonyesha kifungo. Nilikuwepo. Uliziba pua, ukageuza uso ukutani, ukasema, "Niondolee uchafu huo." Akauondoa. Kisha ukamwita mumewe mwongo mbele ya wazazi wake, ukaondoka.

Nina hasira, siwezi kuficha. Nimekuona ukikunja pua kwa ajili ya mate, kwa ajili ya kandambili, kwa ajili ya soda ya mtu, mwaka mzima. Na mimi nimejikunjia pua yangu pia, maana mfuko niliushona mimi na sikuuliza mchanga wa kilo tano ukianguka ndani ya helmeti unafanya nini. Mimi ndiye ninayefungua helmeti kila siku, nilipaswa kujua.

Kuna wengine waliotoka wa kwanza, Shangazi. Ulisema unawapa wote.

Mpwa wako


11 Agosti

Mpwa wangu,

Kitinda hajambo? Mkewe hajambo? Mtoto je, ameanza kukaa?

Hali za wengine nitaziuliza baadaye.

Barua yako niliisomea kwenye ngazi ya stoo, pale pale. Nilipomaliza sikuweza kushuka. Baba yako alinitafuta na fimbo yake, akanikuta, akauliza kuna nini. Nikampa asome. Alikaa ngazi ya chini yangu, na magoti yake yale, mpaka jua likatuhama.

Jumatatu iliyofuata niliingia darasani na kichwa cha mchanga na msumeno. Nikakiweka mezani. Nikawaambia, "Hiki ni kichwa," kama siku zote, kisha nikawaambia yaliyobaki. Sikupunguza. Nilieleza ngazi, zulia, rafu, namba 9. Nikakata helmeti ya kwanza kati, nikawazungushia nusu mbili wapitishe vidole kwenye ufa. Muuza matairi, yule wa kandambili, amevaa buti siku hizi, akainua mkono akauliza, "Kwa hiyo Mwalimu, hicho kichwa kimekwisha kufa mara ngapi?" Nikapiga hesabu ubaoni mbele yao: Jumatatu za miaka sita, mara moja kila Jumatatu, na zile siku nilizojisikia nikaangusha mara mbili na tatu. Sikuimaliza. Chaki ilinivunjikia mkononi. Walinisaidia kukata zote ishirini na mbili za rafuni, tukamaliza saa saba mchana, uwanja mzima umetapakaa chembe nyeupe, zinagandia viatuni, haziokoteki.

Mkuu wa chuo alinifuata baadaye. Anataka niseme zilikuwa kuukuu tu. "Usiwatishe watu, Mwalimu, watoto wa watu wanatafuta riziki." Alikuwa anatafuna kijiti cha meno akiniambia hivyo. Zamani ningekuandikia ukurasa mzima kuhusu kijiti kile. Nilimtazama nikajiona mimi, kwa hiyo sikuwa na la kumtukana.

Waliotoka wa kwanza ni kumi na wanne, pamoja na Kitinda. Daftari langu zuri lina majina yao na namba walizopewa, kwa mwandiko wa kujivuna. Tangu Juni nakwenda kwao mmoja mmoja kila ninapotoka kazini, na siku za mapumziko. Ndiyo maana nimechelewa kukujibu, si kwamba nilinuna. Muuza mkaa alinikimbia, alidhani nimekuja kumnyang'anya zawadi. Fundi bomba aliivua kichwani hapo hapo barabarani, akaitazama ndani, akanitazama mimi, akanirudishia. Mmoja, karani wa ghala, ameitundika sebuleni kando ya cheti, hajaivaa hata siku moja, anaogopa kuichafua. Nilimkumbatia yule mtu, mwanangu, mimi ambaye sikumbatii watu. Nimepata kumi. Watatu sijawapata. Mmoja alihama, mmoja aliiuza kwa mtu asiyemkumbuka, na wa tatu nimefika kwao mara nne mlango umefungwa. Nitakwenda mara ya tano.

Nilikwenda na kwa muuzaji. Safari hii niliinywa soda yake yote. Ilikuwa ya moto.

Sasa Kitinda, mwanangu. Nimeianza barua yake mara tisa nikaichana, kwa sababu kila nikiandika "nisamehe" naona mkono wangu ukitaka kuongeza "lakini". Basi nakuja mwenyewe. Dereva wa lori ananileta tarehe 29, nitakaa mbele kwenye kiti cha abiria na nimekwisha kumwambia asiteme mate dirishani, hilo bado sijaliweza. Mwambie wakwe zake wawepo, wale wale wawili. Nilimwita mwongo mbele yao. Nitawaambia mbele yao kwamba alifunga, na kwamba helmeti niliipasua mimi kabla sijampa. Asiponiamkia, sitaudhika. Akitoka nje, nitakaa kibandani kwako nioshe helmeti za wateja mpaka atakaporudi. Zile mbovu kabisa, za plasta na chingamu, nipe mimi. Yeye hasikii harufu, mimi nasikia, na kibanio chako cha nguo kiweke mbali.

Mfuko wa mchanga usishone tena.

Na namba 9 rudisha bitana yake na kifungo chake ndani ya mfuko wa nailoni kama mkewe alivyoiweka. Msiioshe. Siku ile niligeuza uso. Nataka niufungue mfuko huo mbele yake, niishike, niinuse.

Shangazi